Bahari Iliyowekewa Mipaka

Neno hifadhi likitajwa majumbani mwetu, fikra hukimbilia simba na tembo. Watoto huchora twiga, shule hupanga safari za Mikumi, na televisheni huonesha nyumbu wakivuka Mto Mara. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sheria za nchi yetu zimelinda bahari pia, na kwamba ndani ya bahari hiyo iliyolindwa hawaishi samaki peke yao, bali wanaishi watu: wavuvi, mafundi wa majahazi na wasukaji wa mikeka, wenye misikiti yao, madrasa zao na makaburi ya wazee wao. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka mmoja kabla, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Eneo lake ni kilomita za mraba 822. Limekumbatia upande wa kusini na mashariki wa kisiwa kikuu, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, ambavyo wakazi wake karibu wote ni Waislamu.

Katika likizo ya Desemba tulikwenda huko, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu. Watoto walitaka kumwona papa potwe. Mume wangu alitaka kupumzika, na ni haki yake. Mimi nilikuwa na swali, na swali hilo nimelisikia barazani tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa wajomba zangu wote ni wavuvi. Allah (s.w.t.) ameihalalisha riziki ya bahari kwa upana mkubwa: hata mtu aliye katika ihramu, ambaye amekatazwa kuwinda wanyama wa bara, hakukatazwa kuvua. Basi ni nani mwenye haki ya kuchukua kipande cha bahari, akakiwekea mpaka, akamwambia mvuvi kwamba hapa usitupe mshipi? Wajomba waliliuliza swali hilo kwa hasira, na mara nyingi halikupata jibu, kwa sababu adhana iliwakuta katikati ya maneno.

Tuliondoka Dar es Salaam baada ya Sala ya Alfajiri, tukashika barabara ya kusini hadi Kibiti na kisha Nyamisati, wanakopandia boti. Chombo hupita kwanza katika mkono wa mto, mikoko kulia na kushoto. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote katika Afrika Mashariki, na ile mizizi iliyochomoza topeni ndiyo malezi ya kamba na ya samaki wengi ambao huja kuvuliwa mbali na hapo wakiwa wameshakua. Katika maji ya kati ya delta hii na Mafia ndimo walimosalia nguva wachache wa nchi yetu. Hatukumwona hata mmoja, na mwanangu wa kati, aliyekuwa ameinamia ndoo tangu tutoke mtoni, asingemtazama hata kama angepanda botini.

Kutoka Kilindoni, ulipo mji na bandari, hadi Utende ni kiasi cha kilomita 15, na lango la hifadhi liko huko. Ada hulipwa hapo. Mtanzania hulipa kidogo mno ukilinganisha na mgeni kutoka nje. Mhifadhi aliyetupokea, kijana mpole, alitandaza ramani mezani akawaonesha watoto kwamba hifadhi hii haikufungwa yote. Imegawanywa katika kanda. Ziko kanda za kiini, ambamo hakuna kuvua kabisa. Ziko kanda za matumizi maalumu, ambamo wakazi huvua kwa zana zilizoruhusiwa, na nyavu za kukokota zimekatazwa. Sehemu iliyobaki ni ya matumizi ya jumla, nayo ina masharti yake. Nilishukuru kupata maelezo hayo mapema, kwa kuwa barazani kwetu wajomba walizungumza kana kwamba bahari yote imetiwa kufuli.

Kabla sijaingia majini, niwajibu kina mama ambao najua wanajiuliza. Ndiyo, wageni wa ufukweni Utende huvaa wanavyovaa, na mzazi mwenye vijana waliobaleghe hana budi kulifikiria jambo hilo mapema. Sisi tulikodi mashua yetu wenyewe kwa nahodha mmoja wa Chole, mtu mzima mwenye haya, ambaye tulipomweleza haja yetu alikuja siku ya pili na mkewe, ili mimi na binti yangu tusikae peke yetu miongoni mwa wanaume. Tulitoka mapema, wageni wakiwa bado kwenye kifungua kinywa. Tulivaa nguo ndefu za kuogelea na mitandio iliyofungwa vizuri, na mwenyeji wetu alitupa mgongo akashughulika na tanga lake. Alituuliza habari za Sala kabla ya habari za malipo: je, tutakusanya Adhuhuri na Alasiri, au tunataka atushushe kisiwani kila wakati unapoingia? Tulikuwa wasafiri wa siku tatu, tukakusanya na kupunguza. Kwa udhu tulitumia maji ya bahari. Watoto walishangaa, kwa sababu maji hayo ni machungu, na hapo baba yao akawasimulia kisa cha mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba wao hupanda bahari na maji matamu waliyonayo ni machache, naye akawaruhusu kutawadhia maji ya bahari, tena akawaongezea jambo ambalo hawakuliuliza, kwamba mfu wake pia ni halali.

Karibu na mlango wa Kinasi, ambako Ghuba ya Chole hufungukia bahari kuu, nahodha hakutia nanga. Alifunga kamba kwenye boya lililowekwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa nanga moja ikiburutwa huvunja kwa dakika kile kilichojengeka kwa miaka mingi. Alisubiri maji yatulie baina ya kujaa na kupwa, kwani mkondo wa mlangoni hauchezewi, kisha akatukubalia tuingie tukiwa na miwani ya kuzamia, mirija ya kupumulia na majaketi ya kujiokolea.

Sina maneno ya kutosha ya rangi. Tumbawe ukiliona ufukweni limekufa, ni jiwe jeupe la kuchomea chokaa; ukiliona hai, unaelewa kwamba hukuwahi kuliona. Kwa hakika si jiwe. Ni maelfu ya viumbe vidogo vilivyoshikana, kila kimoja kikijijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa jicho, ambao huwapa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi, viumbe hao huwatoa wapangaji wao, hupauka, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, ambapo sehemu kubwa za miamba ya Mafia zilipauka na kufa, na mpaka wa hifadhi haukuweza kulizuia joto lisiingie. Tulichokiona sisi ni pamoja na kile kilichoota upya tangu wakati huo. Juu yake walikuwapo vipepeo wa manjano, chewa aliyejificha pangoni akitutazama kwa uso wa mtu aliyeamshwa, na pono, yuleyule tunayemsingizia usingizi, wakitafuna mwamba kwa midomo yao migumu hata mlio wake ukasikika masikioni. Pono humeza chokaa pamoja na mwani, kisha huitoa ikiwa mchanga. Nilipowaambia watoto kwamba sehemu ya mchanga mweupe waliouchezea jana imepita tumboni mwa samaki, walikataa kuamini hadi mke wa nahodha alipoapa. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 400 za samaki katika maji haya.

Lakini kilichonishangaza kuliko rangi ni kwamba samaki hawakukimbia. Mtu aliyekulia pwani anajua samaki humwonaje binadamu. Hapa walikuja hadi kwenye vidole vya miguu. Tulipopanda mashuani, binti yangu mkubwa, anayesoma tafsiri madrasani, alikaa kimya akijifuta uso, kisha akasema, "Mama, hawa ni kama wale wa Jumamosi."

Alikuwa akikusudia watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, ambao kisa chao kimo katika Sura ya Al-A'raf. Wana wa Israili hao walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na mtihani wao ulikuwa kwamba samaki walijitokeza juu ya maji siku ileile ya katazo, na siku nyingine hawakuja. Wapo walioheshimu mpaka, wapo waliofanya hila, na wafasiri wanaeleza kwamba baadhi yao waliweka mitego kabla ya siku ile wakaja kuvuna baadaye, wakidai hawakuvua siku iliyokatazwa. Sikusudii kuilinganisha amri ya Mola na kanuni ya wizara. Hizo ni daraja mbili zisizokaribiana. Hata hivyo, maneno ya binti yangu yalinifungulia jambo. Nilikuwa nimezoea kulifikiria katazo la kuvua kama mgogoro baina ya mvuvi na askari. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtihani wa mvuvi na nafsi yake, pale samaki mnene anapopita chini ya ngalawa, hakuna boti ya doria, na nyumbani kuna watoto. Nahodha alicheka aliposikia mazungumzo yetu. Akasema samaki wanazijua kanda kuliko wavuvi, na kwamba wakishiba nafasi humwagika nje, na huko nje ndiko yeye huwangojea. Ni maneno ya mvuvi, na wanasayansi wa bahari husema hayohayo kwa lugha yao: samaki mkubwa aliyeachwa akakua hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa kwa pamoja, na mayai hayo hayajui mpaka.

Siku ya pili maji yalipojaa tulipita katikati ya mikoko hadi Kua, upande wa pili wa Juani. Kua ulikuwa mji mkubwa wa Waswahili katika karne ya kumi na nane, wenye jumba la mtawala na misikiti kadhaa. Mwanzoni mwa karne iliyofuata, Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia wakauteketeza, wakachukua watu utumwani. Leo mizizi ya mitini imeshika kuta kama mkono ulioshika kitabu. Kuta zenyewe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake, basi hata nyumba ya Allah ilitolewa baharini. Mihrabu inaelekea kaskazini, karibu kabisa sawasawa, kwa kuwa Mafia na Makka zimo karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Mume wangu aliitoa simu yake kupima, nahodha akamwambia aweke tu, waliojenga walikuwa na nyota.

Tulikaa kivulini tukisubiri saa ya kurudi, kwani maji yakipwa chombo hubaki topeni, na hapo ndipo nilipomuuliza lile swali la wajomba. Hakukasirika. Alisimulia kwamba kabla ya hifadhi milipuko ya baruti ilisikika hadi Chole. Waliokuja kulipua wengi wao hawakuwa watu wa visiwa hivi. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo, huvunja mwamba, na mlipuaji huokota wanaoelea tu, wengine wakazama na kuoza. "Tulitaka mlinzi," alisema, "tukampata mlinzi. Kumbe alipoanza kuhesabu wa kuzuiwa, alituhesabu na sisi." Hakuongeza neno, na mkewe alimtazama kana kwamba hata hayo yametosha.

Historia hiyo si ya nahodha peke yake. Mtafiti wa Kimarekani Christine Walley, aliyeishi Chole katika miaka ya 1990, aliandika kitabu kizima juu ya mvutano huo, nacho kilichapishwa mwaka 2004. Humo anaeleza namna wakazi wengi walivyoiunga mkono hifadhi mwanzoni kwa kutaraji kwamba itawaondolea walipuaji, na namna imani hiyo ilivyotikisika walipoona wavuvi wadogo wanabanwa na sauti yao inapungua katika maamuzi. Ni haki kusema pia kwamba baruti ilipungua, na kwamba sehemu ya mapato ya ada hurudi vijijini. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu anayetaka kuusema ukweli nusu atapata nusu anayoipenda.

Nikiwa nimeegemea ukuta wa msikiti ule nilikumbuka kwamba jambo hili lina mlango wake katika fiqhi, na jina lake ni hima. Zama za Jahiliya, mkubwa wa kabila alifika mahali penye majani mazuri, akambwekesha mbwa wake, na pale sauti ilipoishia pakawa mpaka wake. Mifugo ya wengine haikuingia, na ya kwake ilichunga pamoja na yao kwingineko. Uislamu uliufuta ubwana huo. Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba hima si ya mtu, ni ya Allah na Mtume wake, yaani ni kwa ajili ya maslahi ya umma, na mwenyewe aliitenga Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Aliuharamisha pia mji wa Madina, miti yake isikatwe na wanyama wake wasifukuzwe. Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema barazani kwamba kuweka mpaka katika neema ya Mola ni bidaa ya wazungu hawakuwa wamesoma vya kutosha, Allah awarehemu waliotangulia.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa Khalifa aliweka hima nyingine, akamkabidhi mtumishi wake aliyeitwa Hunayy ailinde. Maagizo aliyompa yamepokewa katika Sahihi ya Bukhari. Alimtaka awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa hujibiwa. Akamwambia amruhusu aingie yule mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Hawa wawili ni masahaba wakubwa, miongoni mwa waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwataja kwa ubaya. Alieleza sababu: mifugo yao ikifa watarejea kwenye mitende na mashamba yao, ama mwenye wanyama wachache, wakimfia, atakuja mlangoni kwa Khalifa na watoto wake. Kisha akakiri kwamba watu wale wanaona amewadhulumu, kwa sababu nchi ile ni yao, waliipigania tangu Jahiliya na wakasilimu wakiwa juu yake; na lau si wanyama wanaobebeshwa wapiganaji katika njia ya Allah, asingezuia hata shibiri moja.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi bila kuiona bahari ndani yake. Ukiiweka mbele ya ramani ya yule kijana wa Utende, maswali yake yanakuwa mengine kabisa. Hatuulizi tena kama mpaka unaruhusiwa, maana unaruhusiwa. Tunauliza nani wa kwanza kuingia na nani wa kwanza kuzuiwa. Mwenye ngalawa moja na mshipi, ambaye akikosa leo halali watu wake kwa njaa, je, anatendewa kama mwenye ngamia wachache? Na mwenye boti kubwa na barafu, au mwenye mtaji wa kujenga penye ufukwe mzuri, je, kuna anayemwogopea dua ya jirani yake? Sina mamlaka ya kuhukumu. Lakini nadhani kila anayekabidhiwa kulinda maji, awe mhifadhi wa serikali au mjumbe wa kamati ya kijiji, angefaidika kujua kwamba kazi yake ina mtangulizi, na mtangulizi huyo aliitwa Hunayy.

Siku ya tatu tulikwenda Jibondo. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, ardhi yake haina kilimo cha kutegemewa, na watu wake ni wa bahari kwelikweli, waundaji wa vyombo na wavuvi wa kuzamia. Ilikuwa bamvua, maji yamepwa hadi mbali, na kina mama walikuwa mwambani wakitafuta pweza. Bibi mmoja alitupokea salamu, akawaacha watoto wamfuate, akiwaonesha namna ya kutambua tundu lenye mwenyewe: vigae vya chaza vimelundikwa mlangoni kama takataka za nyumba isiyofagiliwa. Nilimuuliza anaonaje habari ya kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, jambo ambalo vijiji vingine vya pwani yetu, kama Kisiwa Panza kule Pemba, vimelijaribu kwa uamuzi wao wenyewe. Pweza hukua upesi mno. Akiachwa miezi michache uzito wake hurudufika, na siku ya kufungua mtu hubeba kwa asubuhi moja kilichokuwa kazi ya siku nyingi.

"Kufunga si tabu, mwanangu," alinijibu. "Ramadhani si tunafunga? Tunafunga kwa kuwa tunajua Magharibi itafika. Wakinifungia bahari, wanitajie na Magharibi yake. Halafu asije mwingine akafuturu kwa daku yangu."

Sijasikia mtaalamu aliyeliweka jambo hilo vizuri zaidi.

Ufukwe wa mashariki wa Juani ni mahali ambapo kasa hupanda usiku kutaga. Msimu wake mkubwa haukuwa umefika, tukaoneshwa tu vigingi vya viota vilivyopita. Mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili, na wanakijiji wenyewe ndio wanaovilinda viota na kuvihesabu. Kwa wasomaji wa kurasa hizi nina neno la ziada kuhusu kasa, maana linahusu meza ya chakula. Wanazuoni wametofautiana katika kuila nyama yake, na sheria ya nchi imekataza kabisa kumvua. Lakini hata anayepuuza yote mawili, amwogopee mtoto wake: nyama ya kasa wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki Kisiwa Panza baada ya kuila, na mwaka 2021 watu 7 walifariki Pemba kwa sababu hiyohiyo. Allah awarehemu na awape subira wafiwa. Ni desturi ya karamu iliyorithiwa kwa wema, na inafaa iachwe kwa wema.

Papa potwe tulimwona asubuhi ya mwisho, na ajabu ni kwamba hatukumwona ndani ya hifadhi. Huja upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi karibu Machi, akifuata uduvi na dagaa wadogo. Samaki huyu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, anayeweza kuzidi urefu wa mita 12, hula vitu usivyoweza kuvishika kwa vidole. Mwanangu wa mwisho aliyekuwa akimwogopa usiku kucha alimwona akipita chini ya mashua, mgongo una madoa meupe kama kanga, akapita, akapita, na bado hakuwa amekwisha kupita. Wavuvi wa dagaa walikuwa hapohapo na nyavu zao, na baina yao na potwe hapakuwa na boya wala kigingi. Anaponaswa humwachilia, kwa desturi na kwa kuwa anapasua nyavu. Tuliambiwa tusimguse na tusimkaribie. Hakuna aliyetamani.

Jioni ile, Utende, ngalawa moja ilirudi na changu na tasi kiasi cha kapu. Mume wangu akanunua changu watatu kwa ajili ya chakula cha usiku. Mwanangu wa mwisho, ambaye alikuwa amezunguka siku zote tatu akitafuta mpaka wa hifadhi kama mtu anayetafuta ukuta, alimwamkia mvuvi, kisha akamuuliza anajuaje akiwa huko mbali kwamba hapa pameruhusiwa na pale hapakuruhusiwa. Yule mzee alimpandisha juu ya ngalawa. Akamwelekeza atazame ufukweni, apange mnazi mmoja mrefu na paa la bati lililo nyuma yake hadi viwe kitu kimoja, kisha ageuke atazame Chole, atafute mbuyu na ncha ya mikoko, navyo avipange hivyohivyo. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana, alisema, ndipo anapogeuza usukani, na baba yake alitumia minazi mingine kwa sababu nyingine.

Mtoto alifumba jicho moja, akayumba, akashikilia mlingoti. "Nimeupata mmoja," akasema. Mzee akamwambia wa pili hauonekani vizuri kutoka hapa, mpaka uwe majini. Akamteremsha, akahesabu chenji yetu, akaanza kukunja tanga.